Mfarishi wa kanga tisa: shajara ya kuumaliza

9 Februari

Leo nimekimwaga kiroba chote sakafuni. Kilikaa juu ya kabati tangu mwanangu Twaha hajazaliwa, na Twaha sasa ana miaka minne. Ndani nimekuta kazi tatu zilizoishia njiani: shuka ya viraka ya kitanda cha mtoto (kitanda chenyewe tulishampa shangazi yao), foronya mbili zisizo na mgongo, na rundo la kanga kuukuu nilizokuwa nakusanya kwa ajili ya mfarishi mkubwa. Nimeamua: sikati kitu kipya mpaka mfarishi uishe.

Neno mfarishi nimelipata kwa Mama, yaani mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Ni shuka nene ya kujifunika yenye tabaka tatu: uso wa vitambaa vilivyoungwa, tumbo la kitu chenye joto, na mgongo. Zote tatu hushikizwa pamoja zisitembee. Watu huniuliza mfarishi wa nini na joto hili la Tanga. Waje mwezi wa saba alfajiri, kusi ikivuma, ndipo waniulize.

Kanga ni tisa. Nne za Mama, tatu zangu, mbili za marehemu mama yangu. Zote zimechakaa, nyingine zimepauka katikati mahali pa kukalia, lakini kanga ikizeeka ndiyo inakuwa laini, na ulaini huo hakuna duka linalouuza.

11 Februari

Vipimo. Kitanda cha mwanangu Salim ni cha futi 4 kwa 6, yaani inchi 48 kwa 72. Nataka ining'inie inchi 6 kila upande, kwa hiyo 60 kwa 84. Vipande vya mraba vya inchi 6 vikishakwisha kushonwa: 10 kwa upana, 14 kwa urefu, jumla 140. Kukata nakata inchi 6 na nusu, robo inchi kila upande ni akiba ya mshono.

Kanga nzima ina kama sentimita 150 kwa 110, ungedhani tatu zinatosha. Hazitoshi. Ukitoa palipochanika, palipopauka, mapindo na jina, kanga moja kuukuu inanipa vipande 15 au 16. Ndiyo maana ya tisa.

12 Februari

Nilikuwa nimeshika mkasi Mama akaniwahi. "Mwanangu, jina la kanga halikatwi." Maneno yabaki mazima, alisema, kanga ni maneno. Nilikuwa sijalifikiria kabisa. Ningekata tu mraba kwa mraba na ningebaki na vipande vya silabi zisizojua zinakwenda wapi. Basi tumekaa wawili mkekani baada ya Isha, tukachana kila jina ukanda mzima, herufi zote na fremu yake. Majina yataingia mgongoni. Mapindo marefu nayo nimeyaweka kando, nina kazi nayo mwishoni.

Moja ya kanga za Mama bado ina ile alama ndogo, K.H.E. Mali ya Abdulla. Ya Mombasa hiyo, ya Kaderdina Hajee Essak, nyumba iliyoanza biashara mwaka 1887. Mama ameipapasa kwa kidole gumba muda mrefu kabla ya kunipa.

Alinisimulia pia jambo ambalo yeye alilisikia kwa bibi yake. Zamani kabla ya kanga kuchapwa nzima, wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso za mraba, zile za Wareno, wanaziunga tatu juu na tatu chini mpaka zipatikane nguo ya kujifunga. Mombasa hadi leo kanga wanaiita leso. Kwa hiyo kanga yenyewe ilianza kwa kuunga mraba na mraba. Nimelala nikiliwaza hilo.

16 Februari

Vipande 31.

20 Februari

Kuna tatizo na nimeligundua kwa bahati. Vipande vya jana vimepungua kuliko vya wiki iliyopita kwa unene wa uzi mbili tatu. Nilikuwa nakata kwa kipimo cha kadibodi nilichotengeneza kwenye boksi la madaftari. Chaki na mkasi vinakula ukingo wa kadibodi kidogo kidogo. Pembe zinaviringika, nawe unaanza kuiegesha kwa kukisia. Kipande kimoja hakioneshi. Vikifika kumi kwenye safu, vinaonesha.

Salim ametatua. Amemaliza kidato cha nne Novemba, matokeo yametoka vizuri Januari, sasa yuko nyumbani anasubiri kupangiwa shule. Ameenda kwa fundi vioo pale barabarani, akakatiwa kioo cha inchi 6 na nusu kila upande, kingo zimesuguliwa zisikate mkono. Kioo hakiliki. Halafu unaona ua la kanga kupitia ndani yake, unalisogeza mpaka likae katikati ndipo unapiga chaki. Sikujua kama hilo lingenifurahisha kiasi hiki. Korosho za kanga ya manjano zote zimekaa sawa katikati ya mraba.

27 Februari

Vipande 118. Ramadhani inaingia. Nitaweka mkasi chini. Nikitoka duka la dawa saa kumi ninaingia jikoni moja kwa moja, na baada ya Tarawehe mwili hauna kitu tena. Binti yangu Rehema ameniuliza kama mfarishi nao unafunga.

6 Aprili

Tumerudi. Siku sita za Shawwal nafunga bado, lakini usiku nimepata nusu saa, nikakata 7.

Nusu saa ndiyo mtaji wangu wote, na ninaanza kuuheshimu. Zamani nilikuwa nasubiri Jumapili nzima iliyo tupu. Jumapili tupu haipo kwenye nyumba ya watu sita. Nusu saa ipo karibu kila siku, kati ya vyombo kuoshwa na macho kufunga, mradi cherehani iwe imekaa tayari, bobini imejaa, na vipande vya usiku huo vimeshabanwa kwa pini. Kinachonikwamisha ni kuanza kutafuta mkasi.

13 Aprili

Vipande 140 vimetimia. Kuna kimoja sijakikata mpaka leo, na ndicho kilichochelewesha: kisutu cha mama yangu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, alivalishwa siku ya harusi yake. Kanga nyingine zote nilizifua kila moja ndooni peke yake, nikazipangusa kwa kitambaa cheupe chenye maji kuona kama zinachuja. Kisutu sikukifua. Kina harufu ya udi ya sanduku lake na sikutaka kuitoa. Nimekikata hivyo hivyo, kikavu. Vipande 15.

14 hadi 25 Aprili

Kushona safu. Cherehani yangu ni ya mguu, Butterfly, haijali umeme ukikatika. Mvua za masika zinapiga bati, taa ya chaji iko juu ya meza, Twaha analala kwenye mkeka karibu na kanyagio kwa sababu anapenda mlio wake.

Rehema ana miaka 11 na ameomba kushona. Nimempa safu ya tano. Safu ya vipande 10 inatakiwa itoke inchi 60 na nusu. Yake imetoka 59 na ushee. Nilikaa naye tukaihesabu: mishono ni 9, na kila mshono umekula nusu ya thumuni zaidi kila upande. Ni kidogo hata jicho halikioni. Mara mbili, mara tisa, inchi moja na ziada imekwenda. Alitaka kulia. Nikamwambia mwanangu, hesabu hii hata mimi sikuwahi kuifanya mpaka leo, ndiyo maana ile shuka ya Twaha ilipinda.

Dawa yake: nimechukua plasta, ile ya kubandikia bandeji, nikaibandika juu ya bamba la cherehani robo inchi kutoka kwenye sindano. Ukingo wa kitambaa unatembea ukigusa plasta, huangalii sindano tena. Rehema amefumua safu yake yote mwenyewe kwa ncha ya wembe, polepole, akashona upya. 60 na nusu kamili. Ameipima mara tatu na kumwita bibi yake aje kuiona.

2 Mei

Sijui niandike vipi. Usiku wa kuamkia leo Twaha aliamka kunywa maji, akaacha jagi juu ya meza, likapinduka juu ya safu nilizozipanga. Asubuhi wekundu wa kisutu ulikuwa umetembea. Vipande vinane vya jirani vimepata madoa ya waridi, viwili vyeupe kabisa vimekuwa kama vimemwagiwa juisi ya rozela.

Sikumgombeza. Maji yangekuwa ya nani, rangi ilikuwa ni ya kuchuja, na mimi ndiye niliyekwepa kukifua.

Nilichofanya, kwa yeyote atakayefikwa: sikuacha ikauke. Doa likikauka, na hasa likipigwa pasi, limehamia. Nilizitia safu zote kwenye beseni la maji baridi mengi, nikayabadilisha kila yakipata wekundu. Hakuna maji ya moto, hakuna jiki, jiki ingekula na rangi za kanga nyingine. Mama alibadilisha maji mchana kutwa nikiwa kazini. Mara kumi na moja, ananiambia. Jioni maji yalitoka safi. Vipande vitano vimepona kabisa, vitatu nimevifumua na kuvibadilisha.

Harufu ya udi imekwenda. Nilikaa nimeshika kile kisutu chenye maji, nikajaribu kunusa, ni sabuni tu. Mama alikuja akakaa pembeni yangu, hakusema kitu, akaanza kukikamua upande wa pili.

18 Mei

Uso umekwisha! Safu zote 14. Tumeutandika kitandani kwa Salim, sote tumesimama mlangoni. Nyekundu za kisutu zimetawanyika kama nilivyotaka, hakuna mbili zinazogusana. Baba Salim aliyekuwa amerudi safari alivua viatu kabla ya kuingia chumbani.

24 Mei

Mgongo. Nilikuwa nimewaza bafta kwa sababu ni nyepesi na nyeupe. Mama akasema hapana, bafta ni kitambaa cha sanda, mtu hajifuniki nayo akiwa hai. Kweli kabisa. Nimekwenda Ngamiani nikanunua amerikani yadi 5, ile ya rangi ya asili isiyopaushwa. Jina hilo linanipendeza: karne ya 19 kitambaa hiki kilikuwa kinakuja Unguja na majahazi makubwa ya Wamarekani kutoka Salem, na jina likabaki mpaka leo. Nimeichemsha kwanza, imerudi inchi tatu kwa urefu. Isingechemshwa ingerudi ikiwa ndani ya mfarishi, na uso wote ungekunjamana.

Amerikani nimeikata vipande viwili vya yadi 2 na nusu. Katikati yake, kuunganisha, unapita ukanda wa majina.

Tumechagua majina jioni. Wema hauozi, ndani. Usisafirie nyota ya mwenzio, ndani. Nani kama mama, ilikuwa ya mama yangu, ndani na katikati. Hasidi hana sababu, Mama ameitoa. "Mtoto asilalie neno la ugomvi."

7 Juni

Majina ya kidato cha tano yametoka. Salim amepangiwa Njombe.

Tumeshangilia, halafu nikaona Baba Salim amenyamaza. Yeye ni dereva wa lori, barabara ya Tunduma anaijua. "Nimelala Makambako mwezi wa saba," alisema. "Nilivaa makoti mawili na bado nilitetemeka." Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wangu amezaliwa na kukulia usawa wa bahari wenyewe, hajawahi kuona pumzi yake ikitoka kama moshi.

Fomu ya kujiunga inasema shuka mbili za bluu na blanketi moja. Rangi ya blanketi haikutajwa. Hadi leo mfarishi huu ulikuwa wa kitanda chake cha hapa. Sasa una wiki nne na safari.

8 Juni

Tumbo. Hapa sitaki kukosea. Shuka nyingine niliyowahi kuishona niliijaza nyuzi za mito, zikakimbilia pembeni zote baada ya kufuliwa mara mbili, katikati ikabaki kama pazia. Sufi nayo ni nyepesi na ina joto, lakini inajikusanya mabonge vilevile na ikilowa haikauki leo wala kesho. Njombe, na bweni, na kufua kwa mkono: lazima liwe kitu kimoja kisichotembea.

Nimetoa blanketi letu la harusi. Limesuguka likawa jembamba, ndiyo ninavyotaka. Urefu ulipungua, nimeongeza kipande kutoka blanketi la Mama. Kuunga blanketi na blanketi usipandishe kingo, patakuwa na tuta. Weka ukingo kwa ukingo, ushone kwa mkono kwa kuvuka huku na huku. Mchana nikipitisha kiganja siujui mshono ulipo.

14 Juni

Tumesogeza viti na meza, sebule nzima ikawa ya mfarishi. Amerikani chini, upande mzuri ukitazama sakafu, nimeivuta na kuibandika pembe kwa plasta. Blanketi juu yake. Uso juu ya yote. Halafu kupiga bandi, mishono mirefu ya uzi mweupe kutoka katikati kwenda nje. Daima kutoka katikati. Ukianza pembeni unasukuma ulegevu wote ukutane katikati na hapo hutautoa tena.

Magoti yanauma. Salim alipiga bandi nusu yake.

17 Juni

Nilijaribu kuupitisha kwenye cherehani. Nimeweka sindano namba 16, nimelegeza mguu unaokandamiza kitambaa, nimeuviringisha mfarishi kama mkeka ili upite chini ya mkono wa cherehani. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili, uso ulianza kusukumwa mbele na mgongo ukabaki nyuma. Wa tatu mkanda wa cherehani ukakatika.

Nimefumua yote mitatu. Saa sita usiku.

18 Juni

Mama alikuwa ameamka kabla ya adhana. Aliniambia godoro la sufi nyumbani kwao halikushonwa mistari, lilifungwa mafundo. Sindano ndefu ikishuka na kupanda, fundo, basi.

Mafundo! Kila panapokutana pembe nne za vipande. 9 kwa 13, mafundo 117. Uzi wa pamba mara mbili, ushuke, upande robo inchi pembeni, ushuke tena, upande, ukaze fundo mara mbili, ukate ukiacha mkia wa nusu inchi. Dakika tatu kila moja, kama saa sita zote. Saa sita ni nusu saa kumi na mbili. Nina siku zinazotosha.

29 Juni

Fundo la 117.

Sikuyafunga peke yangu. Rehema 20, Mama 31 ingawa sindano alitungiwa, Baba Salim 4 usiku mmoja kabla ya safari, na kidole gumba chake kimoja kilikuwa kinene kuliko fundo lenyewe. Salim amefunga 26. Amefunga kimya, jioni baada ya jioni, na aliyaanzia upande wa kichwani.

Jana aliniuliza kama wenzake bwenini watamcheka kwa shuka ya kanga. Nilimwambia sijui, inawezekana, na kama hataki kuubeba utabaki kitandani kwake hapa na tutamnunulia blanketi. Alifunga mafundo mengine matatu ndipo akasema ataubeba.

2 Julai

Mapindo. Mzunguko wa mfarishi ni 60 na 84 na 60 na 84, jumla inchi 288. Yale mapindo marefu ya kanga niliyoyaweka kando Februari, ukanda wa inchi 2 na nusu, nimeyaunga sita. Kwa kuwa pande ni nyoofu sikuhitaji mkanda wa hanamu, yaani uliokatwa mshazari. Hanamu ningeikata kama pembe zingekuwa za duara. Nimeshona upande wa mbele kwa cherehani (sasa ina mkanda mpya), nikapindua nyuma na kumalizia kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana mbele.

Pembe ya mwisho nimeifumua mara mbili mpaka ikakaa nyuzi 45.

3 Julai

Umefuliwa. Umeanikwa kwenye kamba mbili ili uzito usiuvute. Hakuna kilichochuja. Nilipitisha mkono fundo kwa fundo ukiwa bado na unyevu, yote 117 yapo.

Ulipokauka Mama aliomba kijiko cha makaa na udi. Amekishika chini ya ule upande wenye kisutu, akaupungia moshi na upande wa khanga zake, kimya, mpaka udi ukaisha.

5 Julai

Basi limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tranka, ndoo, godoro limeviringishwa, na ndani ya godoro mfarishi, upande wa majina ukiwa nje.

9 Julai

Mlezi wa bweni amempa Salim simu dakika mbili. Baridi ni kali, chakula kipo, shuka za bluu zimetosha. Nikasubiri. "Mama, mwenzangu wa kitanda cha juu ameuliza nani ameshona. Nikamwonesha mafundo yangu."

Halafu akasema kuna fundo moja limelegea upande wa miguu, amelifunga upya.

10 Julai

Kioo kiko juu ya cherehani. Zile foronya mbili nimezitoa kirobani, mgongo wake utatoka kwenye amerikani iliyobaki. Rehema amekwisha kukata kipande kimoja.